Kipa Tuliyemwambia Asubiri

Siku ile bado inanichoma, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa nimekupita miaka michache tu, kwa sababu kiti cha kamati unachokitaka nilikikalia mimi kabla yako.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, najiona hodari wa kuhoji kila kitu, nikaingizwa kwenye kamati ya klabu yetu ya mpira hapa Ibra. Ligi ilikuwa imeweka kikomo: mishahara ya wachezaji wote ikijumlishwa, isipite kiasi fulani. Msimu ule mikataba kadhaa ikamalizika, tukapata nafasi chini ya kikomo kile. Swali likawa tumpe nani.

Mmoja wa waliomaliza mkataba alikuwa Nasri, kipa wetu, kijana wa Al Qabil. Klabu moja ya mji wa Sur ilimtaka. Mwenyekiti akamwita kwenye sabla, ukumbi wetu wa wanaume, akamkaribisha halua na kahawa, akamwambia, "Wewe mwanetu. Huendi popote. Subiri tu." Na kwetu, neno likishasemwa ndani ya sabla mbele ya wazee, kudai karatasi ni kama kuwatukana. Nasri akawakatalia watu wa Sur. Mie nilikuwepo, nikanyamaza.

Wiki mbili baadaye nafasi yote ikaenda kwa mshambuliaji mgeni, mchezaji huru mwenye jina kubwa na goti lililokwisha kupasuliwa. Niliuliza habari ya goti.

"Daktari wetu huyo," akasema mwenyekiti akininyooshea kidole, na sabla nzima ikacheka. Nami nikacheka nao.

"Na Nasri?"

"Nasri wetu, ataelewa. Nenda wewe ukamwambie, nyinyi vijana mnajuana."

Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa siku ileile, na Sur walishachukua kipa mwingine. Nikaendesha gari hadi Al Qabil. Aliyenifungulia mlango ni bibi yake, Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na mkataba?"

"Bibi, kamati imeona..."

"Nimekuuliza karatasi, sikukuuliza kamati."

Sikuwa nayo. Akanitazama kuanzia kanzu mpaka viatu.

"Mgeni msiyemjua mmemwandikia. Huyu mnayemwita mwanenu mmemnywesha kahawa. Na wewe uliyesomeshwa, kazi yako mle ndani ilikuwa nini? Kumimina?"

Nasri alisimama nyuma yake. Msimu mzima hakudaka mechi hata moja. Yule mshambuliaji alicheza mechi chache, goti likamwangusha, na mshahara wake ukaikalia nafasi yetu hadi mwisho.

Nina hasira na wazee wale, sifichi. Walimwita mwana ili wasimlipe. Lakini wao hawakudai kuwa wanahoji kila kitu. Mimi nilidai.

Basi mwanangu, ukikaa kwenye kamati hiyo, anza na walio wenu. Kabla hujamtafuta wa nje, mwambie kila anayemaliza mkataba: tunakutaka, kiasi chetu hiki, tia saini hapa, au hatukuhitaji, nenda kwa wanaokuita. Mwambie angali ana pa kwenda. Mzee akisema kudai maandishi ni utovu wa adabu, mjibu kwa heshima, kisha endelea kudai.

Mungu akupe ulimi wa kusema kweli mbele ya wanaokupenda, na akuepushe na kumkatia mwenzio riziki kwa kunyamaza. Amin.