Bega Lisilo na Kitambaa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa mama jirani yangu ni mkono wake wa kulia. Kila baada ya dakika chache ulipanda begani, ukapapasa, ukashuka mtupu.

"Nakitafuta kitambaa changu, mwanangu," aliniambia siku nilipohamia chumba cha jirani. "Mazoea yana taabu."

Kwa miaka kumi na tisa alipika katika kantini ya karakana, na kitambaa kile hakikutoka begani. Mafundi walimtania kwamba alizaliwa nacho. Kila jioni alikifua kwa sabuni, akakianika. Hakuna aliyeweza kumwita mchafu. Lakini mchana kutwa kilikuwa kimoja tu: kilipangusa kisu kilichokata kuku mbichi, kikafuta sahani zilizokwisha kuoshwa, kikakausha mikono. Siku mjukuu wake wa miaka minne alipomtembelea kazini, kilimfuta hata mdomo.

Wiki ile mafundi kumi na mmoja waliugua kuhara. Mtoto alilazwa siku tatu, dripu mkononi. Afisa afya alieleza kwa upole kwamba vijidudu vya kuku mbichi havionekani kwa macho, na kwamba kitambaa chenye unyevu ndicho kilichovisafirisha hadi kwenye sahani. Kantini ikapata mpishi mwingine. Binti yake akaondoka na mtoto, asimlete tena.

Miezi mitano imepita. Anapika chakula cha mtu mmoja, anakula akiutazama mlango. Majirani akiwakaribisha hujibu, "Tumeshiba, mama," hata kabla hajafunua sufuria. Fundi viatu wa ghorofa ya chini peke yake hukubali. "Mimi tumbo nimelitia soli," husema, na mama hucheka kupita kiasi, ili asiondoke haraka.

Jumatano binti alipiga simu. Mama huongeza sauti ya simu hadi mwisho, na ukuta wetu ni mwembamba.

"Jumamosi tunakuja, mama. Mjukuu wako anakuulizia."

"Atakula kwangu?"

"Utapikaje?" binti aliuliza.

Mama akaeleza kama mwanafunzi mbele ya mwalimu: kisu cha nyama mbali na vingine, mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, sahani zikauke zenyewe.

"Haya, pika, mama. Tutaona."

Leo ni Jumamosi. Mlango ameuacha wazi. Sahani tatu zimesimama kwenye kichanja, zinachuruzika maji. Mkono umeshapanda begani mara mbili. Chini kwenye ngazi, sauti ndogo inahesabu vidato: moja, mbili, tatu...

Anakwenda kunawa tena.