Bamba la Saba

Sikulazimishi uniamini. Watu wenye akili zao wamenicheka usoni, na mmoja alinishauri nipunguze pombe ya uwele, mimi ambaye sijawahi kuionja. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapahapa Dodoma, mchana kweupe, na ushahidi ninao mkononi. Nikisema mkononi nina maana ya mkononi, huu wa kulia. Utaona.

Wengine mizuka huwatokea usiku. Wangu ulinijia saa tisa alasiri, jua likichoma utosi. Laiti ungekuja usiku, ningejidanganya kwamba niliota, na leo ningekuwa mtu wa furaha.

Mimi ni mtu wa pwani. Enzi za Mjerumani kazi yangu ilikuwa kukagua vyombo. Meli ikipandishwa chelezoni, mimi hutambaa chini ya tumbo lake na nyundo ndogo, nagonga bamba moja moja, ribiti moja moja, yaani misumari inayoyashona mabamba, nasikiliza. Chuma kizima huitika, na sauti yake hukaa hewani. Chuma chenye ufa hujibu kwa kifupi, kama kibuyu kilichopasuka. Kizima nakitia duara la chaki, kibovu nakitia msalaba. Watu waliingia majini kwa kutegemea duara langu, na wala hawakujua jina langu.

Utauliza, mkaguzi wa vyombo alifuata nini Dodoma, ambako hata maji ya kunywa wanawake huyafukua kwenye mchanga wa mto mkavu? Hata mimi nilijiuliza. Wajerumani walikuwa wanapeleka meli ndogo ya moshi ziwani Tanganyika, ikiwa vipande vipande. Reli wakati ule ilikuwa imefika Dodoma tu. Kutoka hapo vipande vingebebwa na wapagazi, kwa miguu, mpaka ziwani. Sasa, treni ilipofika Gulwe, behewa moja lilipinduka na mabamba ishirini ya ubavu wa meli yakaporomoka kwenye mawe ya mto. Yalitolewa, yakaletwa Dodoma, nami nikatumwa kuyakagua kabla ya wapagazi kuyabeba.

Aliyenipeleka alikuwa Mzungu wa mitambo tuliyemwita Bwana Saa, kwa sababu alikuwa akiitazama saa yake hata ulipokuwa ukimjibu. Mimi na Bwana Saa tulikuwa tunajuana. Mwaka uliotangulia, kule chelezoni, nilitia msalaba kwenye ubavu wa tishari moja la kushushia mizigo. Akasema nimemchelewesha kwa uvivu wangu, nikalazwa kifudifudi mbele ya wenzangu, nikala hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Wiki ya pili bamba likafunguliwa, wakakuta ufa palepale nilipoandika. Unadhani aliniita akaniomba radhi? Viboko havirudishwi. Nilibaki na mgongo ambao mpaka leo unajua mvua kabla ya mawingu, na nilibaki na woga. Woga huo ndio ulioua mtu, ngoja nikueleze.

Nilipofika Dodoma niliyakuta mabamba yamerundikwa karibu na mwisho wa reli, moja juu ya jingine, la chini limezama kwenye mchanga. Fundi yeyote wa gatini angecheka. Bamba lililolala juu ya lingine haliwezi kusema kitu. Ukiligonga linatoa sauti ya kufa, liwe zima au bovu. Ni lazima uliinue, uliweke juu ya magogo mawili, ndipo uligonge. Na kama bado una shaka, ipo njia isiyodanganya: unapaka chaki upande mmoja, upande wa pili unapaka mafuta ya taa, unasubiri. Kama upo ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, mafuta yatapenya na kuchora mstari kwenye chaki.

Nikamwambia Bwana Saa kwamba nahitaji watu wanne wa kuinua na siku mbili. Akatoa saa yake.

"Wapagazi wanaandikwa kesho kutwa," akasema. "Wewe utamaliza leo, kabla ya jua kuzama. Au umesahau ya mwaka jana?"

Sikuwa nimesahau. Akaondoka kwenda kivulini. Nami nikashika nyundo, nikaanza kuyagonga yakiwa yamelala vilevile, nikiyasukuma na mtaimbo kila moja litokeze ubavu kidogo. Yote yalitoa sauti ya kufa. Nikajiambia ni mchanga tu, ni mrundiko tu. La kwanza duara. La pili duara. Mkono ulikuwa mwepesi ajabu. Nilipotia duara bamba lenye namba saba, nilisikia maji yakidondoka.

Kiangazi, Dodoma, maji yakidondoka! Nikageuka.

Alisimama kijana wa Kigogo, masikio yametobolewa na kuning'inia, shuka moja begani. Alikuwa ameloa. Sisemi jasho. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kichwani, puani, kwenye ncha za vidole, na pale aliposimama vumbi lilikuwa limegeuka tope. Shuka imemganda mwilini. Nikatazama huku na huku kutafuta mtu aliyemmwagia ndoo, na nani Dodoma angemwagia mtu ndoo nzima ya maji mwezi ule?

"Mbukwenyi, fundi," akanisalimu kwa lugha ya kwao.

"Mbukwa," nikajibu. Salamu hiyo tu ndiyo niliyoijua.

"Hilo la saba halijasema bado," akaniambia kwa Kiswahili kizitokizito. "Mimi nainua. Wewe gonga."

Bamba lile, niamini, lilitaka wanaume wanne. Yeye alishika ukingo kwa mkono mmoja, akalisimamisha wima kama mtu anayefungua mlango. Nikagonga, kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Likajibu kama kibuyu kilichopasuka. Kisha nikaona jambo ambalo hadi leo nikifumba macho naliona. Maji ya mwili wake yalikuwa yanateremka upande wake wa bamba, na upande wangu, katikati ya duara langu la chaki, ukaanza kutokea mstari mweusi. Ulikuja polepole, kutoka tundu moja la ribiti hadi tundu jingine, urefu wa shubiri. Maji yalikuwa yamepenya.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Basi usije ukasema hukuona."

Akalilaza bamba taratibu, akaninyooshea mkono. Adabu ni adabu, nikaupokea. Ulikuwa wa baridi, baridi ya maji ya chini kabisa ambayo jua haliyafikii. Akaniachia, akatembea kuelekea upande wa Miyuji, na kabla hajafika kwenye miiba sikumwona tena. Nilizifuata nyayo. Zilikuwa za tope, moja, mbili, tano, halafu vumbi kavu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa wengi hudhani nitasema nilikimbia, au nilizimia. Sikukimbia. Nilikaa nikaliangalia lile duara lenye mstari. Nilichotakiwa kufanya ni kulifuta na kuandika msalaba, kazi ya mtoto. Nikamwona Bwana Saa anasimama kule kivulini, anatoa saa. Mgongo wangu ukaanza kuniwasha. Nikachukua kitambaa, nikaufuta mstari, nikachora duara jipya, zuri, jeupe. Nikamaliza na yale mengine kabla ya jua kuzama. Bwana Saa akanipa sigara. Niliivuta, tena niliifurahia, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote.

Keshokutwa yake wapagazi wakaja kuandikwa. Wanyamwezi wengi, na Wagogo wachache waliosukumwa na njaa ya mwaka ule. Nilikuwa nasoma namba za mabamba ili kila kundi lipewe la kwake. Nikaita saba. Wakatoka wanne, na wa kwanza alikuwa yeye.

Mkavu. Mzima. Vumbi miguuni, masikio yaleyale, shuka ileile, anacheka na wenzake. Nyuma yake alisimama mama mmoja, mwembamba, anamfunga kitambaa cha unga kiunoni.

"Shikamoo, fundi," akanisalimu. Hakuonyesha kwamba amewahi kuniona.

Niliacha kusoma namba. "Wewe unaitwa nani? Umewahi kuja hapa?"

"Ndahani. Natoka Msalato. Leo ndiyo mara ya kwanza." Akamwonyesha yule mama. "Huyu mama yangu. Hana mwingine, ananisindikiza kama bibi harusi."

Wenzake wakacheka. Mimi nikamvuta pembeni. Nilimwambia, "Kijana, fika ziwani, tua mzigo, urudi. Usipande chombo hicho. Unanisikia?"

Alinitazama kama ninavyotazamwa siku hizi. "Mimi Mgogo nipande chombo? Fundi, mimi sijawahi kuona maji yaliyonipita kiuno. Nabeba chuma, narudi kwa ng'ombe wangu."

Bwana Saa alikuwa hatua kumi kutoka pale. Ningeweza kupaza sauti. Ningeweza kusema, Bwana, la saba ni bovu, nilidanganya. Nilijua kabisa niliyemwona juzi alikuwa nani, na kwa nini alikuwa ameloa. Nikasema tu, "Haya, safari njema." Wakalifunga bamba kwenye mti wa kubebea, wakaliinua mabegani, duara langu jeupe likiangalia juu. Mama yake akawafuata mpaka walipopotea.

Sikurudi pwani. Siku ileile niligundua kwamba kiganja changu cha kulia, kile nilichompa mkono, hakikauki. Nilikifuta kwa nguo, nikakianika juani, nikakizika kwenye mchanga wa moto. Dakika moja tu kimeloa tena. Nikishika chaki, inayeyuka. Nikishika karatasi, maandishi yanatapakaa. Mkaguzi asiyeweza kushika chaki ni wa nini? Bwana Saa alinifukuza, nikaokota kazi ya kufagia stesheni ya Dodoma, kwa mkono wa kushoto.

Kiangazi kilichofuata wapagazi wakarudi. Mnyapara wao, Mnyamwezi mmoja mtu mzima, alinikuta nafagia akanipa habari bila kuombwa. Meli iliungwa, ikatiwa majini, ikatembea miezi michache. Ndahani walimzuia kulekule, kwa sababu Bwana Saa, aliyefuatana na mzigo hadi ziwani, alipenda nguvu zake. Walimfanya mtia kuni, chini, karibu na moto. Siku moja mawimbi yalikuwa makubwa, ubavu ukafunguka. Waliokuwa juu waliogelea. Yeye alikuwa chini.

"Ulifunguka wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kushoto, chini, pale kwenye moto. Lile bamba alilolibeba mwenyewe."

Hawakumpata. Ziwa lile ni refu kwenda chini, akasema, halirudishi mtu.

Haikupita wiki, mama yake akaja stesheni. Alikuwa ametembea kutoka Msalato, akiulizia fundi wa mabamba. Wakamwonyesha mimi. Nilimwamkia, nikaficha mkono nyuma. Yeye akaniuliza swali moja, Kiswahili chake cha kuokoteza: "Kweli maji yanaweza kuua mtu? Huku kwetu tunakufa kwa kukosa maji."

Nikalia mbele ya abiria, mtu mzima mimi. Akaninyooshea mkono anipe pole, yeye anipe pole mimi, na kabla sijawahi kuukwepesha akaushika wangu wa kulia. Akaugeuza kiganja juu, akaona maji yakichipuka kwenye mistari yake. Akaunusa.

"Haya maji ya wapi?"

Basi nikamwambia yote. Duara, mstari, kitambaa, sigara. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige, anipige hata mara ishirini na tano. Hakunipiga. Alikaa chini kwenye kokoto za reli, akaniketisha, akaushikilia mkono wangu kwa mikono yake yote miwili mpaka jua likazama. Kisha akaenda.

Tangu hapo huja kila kiangazi. Mjerumani ameondoka, Mwingereza amekuja, yeye bado anakuja, sasa kwa mkongojo. Mwaka mmoja nilithubutu kumwambia, "Mama, nisamehe."

Akasema, "Sijakusamehe. Sikuja kwako. Wenzangu wana makaburi ya watoto wao, wanayafagia. Mimi ninalo hili." Akaendelea kuushika.

Nawe unayesoma haya niliyoyaandika kwa mkono wa kushoto, labda kazi yako ni kutia alama vitu ambavyo wengine watavipanda, watavilalia au watavimeza. Inua kwanza. Goma kuharakishwa, na kama ni kupigwa, pigwa, mgongo hupona kiasi. Na akikujia mtu ameloa wakati wa ukame, akakuonyesha ufa, usichukue kitambaa.

Mimi bado niko stesheni, upande wa ghala. Ukipita unisalimie kwa mdomo tu. Usininyooshee mkono. Huu wa kulia una mwenyewe, na kiangazi ndio hiki kimeingia.