Sabuni ya Deodata

Mwaka ule vita vya Kagera vilipokwisha, kijiji chetu cha Nyakahura kilinuka. Nasema bila kuficha, maana nilikuwepo. Duka la kijiji lilibaki na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo. Ujamaa ulikuwa umetukusanya kando ya barabara, nyumba kwa nyumba, hivyo chawa wa jirani hakuwa na safari ndefu. Watoto walijikuna mpaka usaha ukatoka. Na wanaume, wakubwa zetu hao, walikaa kwenye pombe ya rubisi wakijikuna makwapa na kusema serikali italeta sabuni.

Jirani yangu Deodata, mjane, alikuwa na mbuzi wawili na binti mwenye upele kichwa kizima. Mwalimu alimrudisha binti nyumbani, akasema asionekane shuleni mpaka apone. Siku hiyohiyo Deodata aliswaga mbuzi mmoja mpaka kwa Mayunga, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa amefiwa na ng'ombe, wakabadilishana kwa mafuta ya yule ng'ombe.

"Mama, mafuta haya yameanza kuoza," Mayunga alimwonya.

"Na sisi pia," akajibu.

Sisi wa huku maji ya majivu tunayajua. Tunachoma maganda ya ndizi, tunachuja majivu yake, tunatia kwenye maharage yaive upesi. Deodata alichuja vilevile ili apikie mafuta yale sabuni, akaonja kwa ulimi kama siku zote, akaona yanatosha. Yalitosha maharage. Nusu ya mafuta ikawa uji wa kijivu unaonuka mzoga, na inzi wa kijiji kizima wakahamia uani kwake. Nilitapika nyuma ya nyumba yangu.

Wanaume walicheka mpaka wakapaliwa. Gaspari, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja kusimama palepale uani, akaziba pua kwa vidole alivyotoka kujikunia.

"Si nilisema mimi? Mbuzi mzima, Deodata! Tulia kama wenzako."

Hakuwa amesema chochote. Mtu wa namna hii ananichefua kuliko uji ule.

Deodata alitulia kweli. Alifunika mafuta yaliyobaki, akawa anakwenda kisimani kwa njia ya nyuma asikutane na mtu. Aliniambia akikosea tena itabidi ahame. Kisha asubuhi moja, akimchana binti yake, kitana kikatoka na nywele pamoja na ngozi. Akaenda kuyafunua mafuta.

"Wameshanicheka," akasema. "Wamebakiwa na nini kingine?"

Woga haukumwisha. Ila safari hii alitia kikombe kimoja tu cha mafuta, ili kama ni hasara, iwe ya kikombe. Maji ya majivu hakuyaonja. Aliyachemsha yapungue, akachovya unyoya wa kuku mpaka akaona unalika. Kikombe cha kwanza kilikuwa kikali, kikamchubua viganja. Akapunguza ukali, akapima kingine. Hicho kikashika: kitu laini cha kahawia, kinanuka zizi, lakini kinatoa povu. Tulimwosha binti kichwa kila siku, akilia, mpaka vidonda vikakauka na mwalimu akampokea.

Gaspari akarudi na wenzake. Pua hakuziba.

"Ndugu Deodata, huu sasa ni mradi wa kijiji. Tumeuanza pamoja."

Tumeuanza! Nilitema mate, na nilitaka ayaone.

"Sawa, ndugu balozi," Deodata akasema bila kuacha kukoroga. "Kesho kila nyumba ilete mafuta yake, sufuria yake na kuni zake. Nitawafundisha."

Wakatazamana. Mmoja akauliza, "Na yakiharibika?" Wakaondoka wakijikuna.

Kesho yake hakuja mwanamume hata mmoja. Alikuja Jovina, mke wa Gaspari, sufuria kaificha chini ya kitenge, mtoto mgongoni ana upele hadi masikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akasimama mlangoni, haingii, haondoki.

"Mama, nikikosea je?"

Deodata akamsogezea kigoda karibu na moto.

"Utanuka, mwanangu. Kwani sasa hivi unanukia?"