Vitambaa vya Wodi ya Wanaume

Miaka kumi na tisa nilipiga deki wodi ya wanaume. Karatasi ya ajira ilisema mfagizi, lakini wagonjwa waliniita Mama Vitambaa.

Jina lilitokana na kazi ambayo hakuna aliyenituma. Mgonjwa asiyejiweza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo anaota vidonda na mwili unaoza angali hai. Wauguzi walikuwa wawili kwa vitanda thelathini. Nikaanza kugeuza, na kwa kuwa sikusoma, nilifunga kitambaa kwenye chuma cha kitanda upande ambao mgonjwa ameelekea. Nikirudi nikikikuta kushoto, namgeuza kulia, na kitambaa kinahamia kulia. Kila aliyepita alielewa. Nyumbani nilikuwa mke aliyeachwa kwa kuzaa mabinti watupu. Pale wodini, watu wazima walisikiliza kama ndara zangu zinakuja.

Sista ambaye sasa ni mkuu wa wodi alifika akiwa mwanafunzi. Mimi ndiye niliyemwonyesha kumshika mgonjwa begani na kiunoni ili asimuumize. Mwaka huu alipokabidhiwa wodi, siku ya kwanza tu alipita na mkasi akikata vitambaa vyangu, akavitupa kwenye ndoo yangu mwenyewe.

"Huu uchafu, mama. Sasa tuna fomu."

"Fomu inamgeuza nani?"

"Muuguzi anageuza, anaandika. Wewe huna cheti, usiguse mgonjwa. Akianguka nitajibu nini?"

"Miaka yote hii ameanguka nani?"

"Pale mlangoni bado kuna maji, mama. Pakaushe."

Kitanda cha saba alilala Fundi, mzee aliyeshona suti za watu mpaka kiharusi kilipomlaza. Ulimi na mkono mmoja vilibaki vizima. Kila nilipomgeuza alikuwa akisema, "Taratibu, mama, mimi si samaki wa kukaanga." Alikuwa na kidonda kwenye nyonga ya kulia, nacho kilikuwa kimeanza kufunga.

Wauguzi wakawa wanajaza fomu asubuhi, mistari yote ya siku kwa mkupuo mmoja, maana baadaye hawapati nafasi. Wa zamu inayofuata akiisoma, anaona mgonjwa keshageuzwa. Fundi akalazwa kulia, akaachwa kulia. Wiki ya pili nikasikia harufu ninayoijua. Nikamgeuza, na Sista akaniona. Kesho yake nikahamishiwa kufua mashuka nyuma ya hospitali, na onyo kwamba nikigusa mgonjwa tena, nimefukuzwa. Nina wajukuu watatu ndani, na hawana mwingine wa kumtazama.

Jana nilivua aproni nikaingia saa ya kuona wagonjwa, kama ndugu yeyote. Fundi alikuwa amelalia kidonda.

"Ulipotelea wapi, Mama Vitambaa?"

"Wamenipeleka kwenye mashuka."

"Afadhali. Mashuka hayana maneno mengi kama mimi." Akavuta pumzi kwa shida. "Hebu nigeuze. Huku kunawaka moto."

Mikono yangu ilikuwa imeshafika begani kwake nilipomwona Sista amesimama mlangoni, ananitazama. Nikairudisha mapajani.

"Sista, baba huyu anaumia."

"Nimesikia, mama. Nakuja."

Alikuja kweli, hatua tatu hivi, kisha mgonjwa wa kitanda cha ishirini akaanza kutapika, akamkimbilia yule. Muuguzi mwenzake hakuwepo. Nilikuwa nimekwenda na maneno ya kumwambia mwanamke yule, makali, niliyoyaweka tangu siku ile ya mkasi. Nikamwona ameinama peke yake na beseni, jasho linamtoka, na hata kumchukia vizuri nikashindwa.

Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Fundi alinishika kidole.

"Anakuja?"

"Anakuja, baba," nikasema. "Subiri kidogo."

Nikakitoa kidole changu mkononi mwake, nikarudi kufua.