Kiti cha Sifa

Sijui kama bado nastahili kuitwa mwalimu. Mwanafunzi wangu Sifa aliugua wiki nzima, nikaenda Kabondo kumwona. Mbele ya nyumba yao nikakuta matawi ya mchikichi, alama ya matanga. Nikarudi bila kuuliza. Bon, kesho yake nikawaambia wanafunzi Sifa amefariki, nikapanga viti duara, chake kitupu, waombe msamaha kwa kumchokoza kuwa ni mchawi.

Mvua ilitia giza darasani. Mmoja mmoja walinong'ona: "Sifa, hata mimi nilikuita mulozi."

Mara kiti kikasogea. Aliyepiga kelele kwanza ni mimi, si watoto. Mkono mdogo ulikuwa unakivuta kutoka nyuma.

"Madame, si mimi, koko njo alikufa, mama ya papa," Sifa akasema. Kisha akawatazama wenzake. "Kumbe ni ninyi wote?"