Mafuta ya Taa Yaliyongoja Mgeni

Mwanangu, iko siku moja ya mwezi wa saba, katika miaka ile ya tisini, ambayo hata leo nikiikumbuka nikiwa juu ya msala hunibidi nilete istighfari kwanza ndipo niendelee na dua. Mimi si mtu wa hasira. Walionijua tangu ujana watakuambia hivyo. Mola amenipa mengi kuliko niliyoomba, na kila asubuhi namshukuru. Lakini hasira ya siku ile sijaitua, wala siombi kuitua. Nataka nikupe wewe, kwa sababu huenda ukaihitaji.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kufundisha madrasa hapa Mowlem, mtaani kwetu Nairobi, ndevu hazijajaa kidevu. Nilikaa na shangazi yangu, Bi Mwanaisha, aliyenilea tangu mamangu alipofariki. Alikuja Nairobi kutoka pwani akiwa bibi harusi, akafiliwa na mume, akabaki akipika mahamri na kuyauza mlangoni pake. Alinifundisha Kurani kabla sijamjua mwalimu mwingine yeyote, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko fimbo za walimu wote walionifuata.

Watu wa nje hudhani Nairobi haina baridi. Waje walale kwenye chumba cha mabati mwezi wa saba, jua likiwa halijaonekana wiki nzima, manyunyu hayakatiki na sakafu ya saruji inanyonya joto la miguu mpaka magotini. Wenzetu wa Buruburu walikuwa na stima na hita za kuchomeka ukutani. Sisi tulikuwa na stovu za mafuta ya taa, na mwaka ule bei ya mafuta ilipanda hadi watu wakaziweka stovu chini ya vitanda na kurudi kwenye makaa. Na makaa ndani ya chumba kilichofungwa, mwanangu, huua mtu amelala na hajui.

Ndipo serikali ikasema itasaidia. Naibu wa chifu alipita mtaani na kipaza sauti akitangaza kwamba familia zisizojiweza zitapewa mafuta ya taa ya kuvukia baridi, bure, uwanjani mbele ya ofisi yake, saa mbili asubuhi. Nilifurahi, na sioni haya kusema nilifurahi. Alipokuja kuniomba nilete watoto wa madrasa wamwimbie kaswida Mheshimiwa atakayekuja kuzindua ugawaji, nilikubali papo hapo. Nilikesha nikitunga beti na kulitia jina la Mheshimiwa mahali pa vina. Mwenyekiti wa msikiti alinikumbusha kwamba mgeni huyo alikuwa ameahidi kutupa mabati ya madrasa, basi beti zikazidi utamu.

Asubuhi tulipofika, mapipa ya mafuta yalikuwa tayari yamepangwa chini ya hema, yakilindwa na askari wawili. Watu walikuwa wamejipanga mstari uliozunguka uwanja, kila mtu na mtungi wake wa plastiki. Manyunyu yalikuwa yakitunyeshea. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita.

"Mheshimiwa ako njiani," naibu akatangaza.

"Ako njiani tangu asubuhi," kijana mmoja akapaza sauti kutoka mstarini. "Hiyo njia inatoka wapi, Sudan?"

Watu wakacheka. Mwingine akamjibu, "Tulia, boss. Hii mafuta lazima ipigwe picha kwanza, ndio iwake poa."

Katikati ya mstari alikuwa jirani yetu, Mama Opiyo. Alikuwa amejifungua pacha, Opiyo na Adongo, kabla miezi haijatimia. Walikuwa wadogo mno, ukiwaona unaogopa kuwagusa. Hospitali ilipomruhusu kwenda nyumbani, muuguzi alimsisitizia asiwashe makaa chumbani. Achemshe maji kwenye stovu, ayatie katika chupa, azifunge kwa kitambaa na kuwawekea watoto ubavuni. Ushauri mzuri, lakini stovu ilikuwa kavu. Mumewe, aliyefanya vibarua Industrial Area, alikuwa amesimamishwa kazi pamoja na wenzake.

Mama Opiyo aliponiona na kanzu yangu nyeupe na sweta juu yake, akaniita kwa ishara.

"Ustadhi, wewe naibu anakuheshimu. Mwambie anipimie hata kopo moja tu nirudi kwa watoto. Hawa askari wanasema nikitoka kwa laini nitaanza nyuma. Nilidhani ni saa mbili kweli."

Nikaenda. Naibu wa chifu alikuwa amevaa koti zito na ameshika kikombe cha chai. Nikainamisha kichwa, nikamwomba kwa adabu zote.

"Ustadhi, sasa nikifungua pipa kwa mmoja, hawa wengine nitawaambia nini?" akasema. "Mpiga picha hajafika. Mheshimiwa mwenyewe hajafika. Unataka akute mafuta imeshagawanywa, azindue mapipa tupu? Wacha kuniharibia programu, tafadhali."

"Ni mama wa pacha, bwana."

"Basi yeye ndiye nitamweka mbele apokee wa kwanza. Picha itatoka vizuri. Mwambie avumilie."

Nikarudi na hiyo ahadi kana kwamba nimeleta zawadi. Nikamwambia Mama Opiyo atakuwa wa kwanza kupokea. Kisha, kwa kuwa nilikuwa kijana mwenye elimu ndogo na sauti nzuri, nikaongezea mawaidha. Nikamweleza fadhila za subira. Nikamsimulia Nabii Ayubu, kwa kuwa niliwaza kwamba hata Wakristo wanamjua.

Shangazi alikuwa nyuma yake kidogo mstarini, amejitanda leso mbili. Alikuwa ananisikiliza.

"We Ustadhi," akaniita. Akitaka kuniaibisha hakuniita kwa jina langu. "Nabii Ayubu hakuambiwa asubiri na mtu aliyevaa sweta."

Wanawake wakaangua kicheko. Nikaona haya, nikataka kujitetea, lakini Shangazi alikuwa amekwisha kunipa mgongo. Alikuwa akimtazama Mama Opiyo usoni, na uso wake yeye ulikuwa umebadilika.

"Mwanangu, watoto umewaacha na nani?"

"Na mdogo wangu, Akinyi."

"Na joto je? Umewaachia nini?"

Mama Opiyo akainama. "Nilipata makaa kidogo kwa jirani. Nilimwambia Akinyi asifunge mlango kabisa. Lakini baridi, Shosho… huyo ni mtoto wa darasa la nne."

Shangazi aliutupa mtungi wake chini, akamshika Mama Opiyo mkono, wakatoka mstarini. Askari akapiga kelele kwamba anayetoka ametoka. Shangazi akamjibu bila kugeuka, "Nasi tumetoka!" Mimi nikawaacha watoto wangu wa madrasa kwa msichana mkubwa wao, nikawafuata mbio, kanzu nimeipandisha mkononi.

Mlango ulikuwa umefungwa. Upenyo wa chini ulikuwa umezibwa kwa kitambaa, kazi ya mtoto mwenye akili anayetaka kuzuia baridi. Nikausukuma kwa bega. Hakukuwa na moshi. Nakuambia hilo ili ulijue: makaa yaliyokolea hayana moshi, na hewa inayoua haina harufu. Akinyi alikuwa amelala sakafuni karibu na jiko, ametapika. Pacha walikuwa kitandani, kimya.

Shangazi alilipiga jiko teke likatoka nje na makaa yake. Mimi nikambeba Akinyi. Mama Opiyo akawanyakua watoto wake, tukatoka wote uani chini ya manyunyu, kwenye baridi ileile tuliyokuwa tukiikimbia, kwa kuwa sasa ndiyo iliyokuwa dawa. Shangazi akamchukua Adongo, akamsugua mgongo kwa kiganja, akimwita jina kama anayemwamsha mtu mzima aliyechelewa kazini. "Adongo! Amka wewe! Amka!" Adongo akalia. Opiyo alikawia. Sitaki kukueleza jinsi alivyokawia. Mama yake hakupiga ukunga. Alikuwa akimpulizia usoni na kunong'ona kwa lugha yao, na mimi niliyejua dua nyingi sikuikumbuka hata moja. Mwishowe Opiyo akakunja uso, akatoa sauti nyembamba kama ya paka mchanga. Alhamdulillahi. Shukrani ya siku ile ilikuwa hiyo, na tuliipeleka mahali pake.

Akinyi alikuwa ameanza kukaa, akishika kichwa na kulia kwamba hakufanya makusudi. "Hukukosa wewe," Shangazi akamwambia. "Waliokosa wanakunywa chai."

Hapo ndipo tuliposikia honi za magari, na ngoma za kwaya ya kanisa zikaanza. Kijana wa ofisini akaja anahema. "Ustadhi! Mgeni amefika, naibu anakutafuta kama pesa. Twende!"

Nikaenda. Niliondoka pale nikiwa na hasira ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Mheshimiwa alikuwa amesimama mbele ya mapipa chini ya mwavuli alioshikiwa na mtu mwingine. "Serikali yenu inawapenda," alikuwa akisema. "Niambieni, nani mwingine angewakumbuka kwa baridi hii? Mjue kushukuru. Mtu asiyeshukuru kidogo hata kikubwa hastahili." Kwaya ikaimba. Kisha naibu akanipa kipaza sauti na kunikonyeza. Watoto wangu walikuwa wamesimama safu mbili, midomo imewapauka.

Nikasema, "Watoto hawa hawataimba. Mafuta yamekuwa hapa tangu asubuhi, na mtaani kuna watoto wamenusurika kufa wakingoja picha. Fungueni mapipa."

Naibu alinipokonya kipaza sauti kabla sijamaliza. "Ustadhi leo amekula nini?" akauliza, akicheka kwa nguvu, na waliomwogopa wakacheka naye. Mheshimiwa akatazama saa. Mama mwingine akaitwa mbele, akapewa mtungi, akapigwa picha, akaambiwa aseme asante, akasema. Mstari ukaanza kusogea.

Niliomba fungu la Mama Opiyo. Wakaniambia alitoka mstarini. Niliomba la Shangazi, wakaniambia hivyohivyo. Mabati ya madrasa hayakuja, na mwenyekiti wa msikiti alininunia hadi mfungo. Mama Opiyo na pacha walihamia chumbani kwetu, na baridi yote iliyobaki yeye na Shangazi walipokezana kuwalaza wale watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa leso juu. Mimi nililala msikitini. Pacha wote wawili walikua.

Nilidhani Shangazi angenisifu kwa nilichosema mbele ya Mheshimiwa. Jioni ile nikiwa namsaidia kukanda unga nilimsimulia yote, na nilisimulia kwa madaha kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema vyema," akasema. "Lakini umesema wakati mtaa mzima unakutazama. Maneno yale yalikuwa ya asubuhi, ulipokuwa peke yako na naibu na kikombe chake cha chai. Ulikwenda ukainamisha kichwa, ukamwomba. Ulimwomba nini, mwanangu? Yale mafuta yalikuwa yake? Yule mama alishapewa tangu yalipotangazwa. Ungemwambia: mpimie. Basi. Ukarudi kwetu ukatufundisha subira, kumbe haikuwa subira, uliogopa kumkera mkubwa." Akanitazama. "Usinililie kwenye unga. Kanda."

Nimekanda maneno hayo miaka yote hii, mwanangu, na sasa nakukabidhi.

Siku hizi nasikia mnazungumza habari za kuwapunguzia maskini bili za stima, na mitungi ya gesi ya bei nafuu, na baadhi yenu, watoto wa mtaa huuhuu, mmeajiriwa katika ofisi zinazogawa vitu hivyo. Nawafurahia. Lakini nikisikia kuna hema, na viti vya wageni, na akina mama wametolewa vyumbani tangu alfajiri wakae kwenye baridi ili wapewe kitu cha kuwakinga na baridi, damu hunichemka na uzee wangu huu. Mwenyezi Mungu ametukataza kuziharibu sadaka kwa masimango na maudhi. Hiyo ni sadaka, kitu mtu anachotoa mfukoni mwake. Seuze mafuta yaliyonunuliwa kwa kodi ya mama huyohuyo, aliyoilipa katika kila kibiriti na kila robo ya sukari! Huyo anaambiwa ashukuru nani? Aliyeshika kopo?

Ukikabidhiwa ufunguo wa ghala, fungua saa uliyosema utafungua. Mgeni akichelewa, atakuta watu wamekwenda kupika, na hiyo ndiyo hotuba bora atakayowahi kuhudhuria. Usimwambie mwenye baridi asubiri kabla hujamuuliza amewaacha watoto wake na nini. Akikuomba, usingoje akuombe mara ya pili. Na kama wewe si mwenye ufunguo, ila ni mtu anayesikilizwa tu, mwalimu, shehe, padri, usitumie heshima hiyo kuomba kwa unyonge kilicho haki ya mwenzako, wala usiwatulize watu kwa jina la Mungu ili wakubwa wapate raha. Mungu hakukutuma. Kasirika mapema, mwanangu, hasira ikiwa bado inaweza kufungua pipa.

Nakuombea Mola akupe chumba kikavu na usingizi wa amani. Akupe shukrani nyingi, ujue na pa kuipeleka. Aulainishe moyo wako kwa wanyonge na auimarishe ulimi wako mbele ya wenye nguvu, na asikujaalie hata siku moja kuwa sababu ya mtoto wa mtu kulala na baridi. Amin.