Dalia za Emérite Hazitoki Nje Kabla ya Jalidi Kuaga

"Ua wote umeuacha mtupu kama uwanja wa mpira, viazi vya maua vimelala chini ya kitanda chako kama wageni! Mama Diane, harusi ni Desemba, si Pasaka!"

"Mama Carmel, piga kelele mpaka Rosettenville wasikie. Sipandi."

"Na chipukizi langu hili? Si limeota?"

Ni asubuhi, Agosti inaishia na majira ya baridi nayo, La Rochelle, mtaa wa wahamiaji kusini kabisa mwa bara. Wapangaji wamesimama milangoni na vikombe vya chai. Ugomvi wa jirani hauna kiingilio. "Wapeni maikrofoni!" anadakia Placide, mlinzi, ametoka lindo sasa hivi.

Anayefokewa, huyo Mama Diane, ni Emérite, Mrundi, mkulima wa dalia, yale maua mapana kama sahani anayoyauza milangoni mwa makanisa. Anayefoka ni Clémentine, mshonaji kutoka Lubumbashi, anayemwoza binti yake Carmel. Kiazi kimoja alipewa zawadi na Emérite, akakipanda chini ya dirisha lake, na sasa chipukizi la kijani ndilo shahidi wake.

Hii ni oda ya kwanza ya harusi kwa Emérite. Ikifana, makanisa yote ya Wakongo yatajua kabla keki haijakatwa. Ikiharibika, atarudi kusuka nywele kando ya barabara, kazi iliyomchosha mgongo.

"Kwetu Gitega mvua ikianza unapanda, basi," anasimulia. "Hapa mwaka jana niliona mipichi imechanua Agosti, jua linachoma, nikajua msimu huo. Machipukizi yalipotoka tu, jalidi, ule umande ulioganda, ikashuka usiku mmoja. Asubuhi yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Nilikaa chini nikalia."

Mji huu uko juu sana. Mchana wa Agosti hukubembeleza, usiku ukakuumbua. Tangu hapo Emérite huvitoa viazi chini ya kitanda na kuviamsha chumbani, kwenye ndoo za rangi karibu na dirisha, udongo ukiwa na unyevu kidogo tu, maana maji mengi huviozesha. Nje huvitoa Septemba ikielekea mwisho, usiku ukishalainika. Maua huja baada ya miezi miwili na kitu.

"Kusema kweli naogopa," ananong'ona, akichungulia kama jirani anasikia. "Yakichelewa, bibi harusi atashika majani."

Wiki ya kwanza ya Septemba, Placide anarudi kutoka lindo la Midrand akipuliza vidole. "Eish! Kule nyasi zote nyeupe!"

Hapa nyumbani nako, paa la spaza, kile kiduka cha mtaani, linametameta kwa jalidi. Emérite anatoka mbio na kanga mabegani. Clémentine amechuchumaa chini ya dirisha lake. Chipukizi limekuwa jeusi. Analigusa kwa kidole, linalegea.

Emérite hasemi "nilikwambia". Anafukua kwa kidole, anakiminya kiazi taratibu.

"Bado kigumu. Hakijafa, Mama Carmel. Kata hapa, tukitie kwenye ndoo, kilale kwangu na wenzake. Kitachipua tena."

"Na harusi?"

"Namwomba Mungu, na ndoo zangu ziko tayari. Carmel atashika dalia nyeupe. Baada ya hapo nakodi kiwanja cha kupanda maua."

Clémentine anajipangusa machozi kwa ukingo wa kitenge, kisha sauti yake ya kawaida inarudi, ua mzima unaisikia.

"Aksanti, Mama Diane. Sasa unasimama kwenye baridi ya nini? Ugali wa bukari uko motoni, sombe ya jana ya majani ya muhogo imekolea. Leta hiyo ndoo, ingia tule!"